Jibu kwa binti wa Mafinga anayetaka kusanifu mashua za matanga

*"Shikamoo mtaalamu. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM, naishi Mafinga. Baba ni fundi seremala na nimekulia kwenye vumbi la mbao. Siku moja tulikwenda Matema, nikaona mashua ya matanga ikipita mbali kwenye Ziwa Nyasa, na tangu hapo nataka kusanifu mashua za safari ndefu, zile ambazo familia inaishi ndani kwa miezi na kuvuka bahari. Mwaka huu nimeunda mfano kwa mbao za paini, urefu sentimita 110, upana 35. Bila mlingoti ulielea vizuri. Nilipoweka mlingoti na tanga la kitambaa cha mwavuli, tukaupeleka bwawa la Ngwazi, upepo wa kwanza tu ukaulaza ukajaa maji. Nikaweka mawe ndani. Ukasimama, lakini maji yalifika karibu na ukingo na hauendi popote. Nimepata nafasi ya uhandisi mitambo MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, Mbeya. Rafiki yangu anasema niiache, nisubiri mwaka nitafute chuo cha mambo ya meli. Mjomba anasema Mafinga hakuna bahari, na kwamba siku hizi kompyuta inachora yenyewe. Mimi naogopa jambo moja tu: mfano mdogo umenishinda, labda sina kipaji. Nifanye nini?"*

Marahaba, mwanangu. Kamwene.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye maneno yale yale: mfano mdogo umenishinda. Nianzie hapo, maana ndipo panapokuuma, na ndipo hesabu ilipokupita. Mfano wako haukulala kwa sababu huna kipaji. Ulilala kwa sababu ni mdogo. Ungeichukua mashua bora kuliko zote zilizowahi kuvuka Bahari ya Hindi, ukaipunguza mara 10 kila upande bila kubadili kitu, ukaiweka Ngwazi jioni ile ile, nayo ingelala.

Tupige hesabu pamoja. Tuseme uliwazia mashua ya mita 11, yenye uzito wa tani 8 na matanga ya mita za mraba 60. Mfano wako ni sehemu moja ya 10. Eneo la tanga linapungua mara 10 kwa urefu na mara 10 kwa upana, kwa hiyo mara 100: unabaki na mita za mraba 0.6. Kimo ambacho upepo unasukumia nacho kimepungua mara 10. Kwa hiyo nguvu ya kupindua imepungua mara 1,000. Sasa tazama upande wa pili. Uzito unapungua kwa urefu, upana na kina, mara 1,000, tani 8 zinakuwa kilo 8. Na umbali ambao uzito huo unautumia kuirudisha mashua nao umepungua mara 10. Nguvu ya kurudisha imepungua mara 10,000.

Unaona pengo? Kinachopindua kimepungua mara 1,000, kinachosimamisha kimepungua mara 10,000, na upepo wa Mufindi haukupungua hata kidogo. Kwa kuwa msukumo wa upepo hukua kwa mraba wa kasi yake, upepo wa kilomita 15 kwa saa juu ya mfano wako ulikuwa kama upepo wa kilomita 47 kwa saa juu ya mashua kamili iliyopandisha matanga yote. Hakuna nahodha mwenye akili timamu anayeacha matanga yote juu katika upepo huo. Na ulibahatika kidogo: kwenye kimo chenu cha karibu mita 1,800 hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takribani asilimia 15. Mfano ule ule Tanga au Bagamoyo ungelala mapema zaidi.

Ndiyo maana wanaoshindanisha mashua za mfano huzipa mkuku, yaani ule uti wa chini ya chombo, mrefu mwembamba unaoshuka chini sana, na donge la risasi, ile metali nzito, mwishoni, kitu ambacho kwenye mashua ya kuishi watu kingeonekana kichekesho. Hawajakosea vipimo. Wanalipa deni la udogo.

Sasa mawe. Hapo ulifikiri vizuri, kisha ukaishia katikati, na ningependa ukae na jambo hili hadi likuingie, kwa sababu ndilo litakalokufuata maisha yako yote ukiifuata kazi hii.

Umewahi kuona lori la mbao likitoka Mafinga kuteremka mlima Kitonga. Dereva mzoefu hulitazama namna lilivyopakiwa kabla hajalishika. Mbao zikipangwa juu sana, kona moja inatosha. Kila seremala wa kwenu anajua hilo bila kusoma: uzito ulio juu ni adui. Lakini lori na mashua vinatofautiana kwa jambo moja kubwa. Magurudumu ya lori yako palepale. Likishainama hadi kitovu cha uzito kikavuka nje ya gurudumu, limekwenda. Mashua haina magurudumu, inabebwa na maji, na maji hayasukumi kutoka mahali pamoja. Mashua ikiinama, upande unaozama unaongezeka ujazo ndani ya maji na ule mwingine unatoka, basi msukumo wa maji unahamia upande unaoinamia. Ni kama gurudumu linalokimbilia upande wa kuanguka ili kulidaka lori. Uzito unavuta chini upande mmoja, maji yanasukuma juu upande mwingine, na nafasi iliyopo kati ya mistari hiyo miwili ndiyo inayoirudisha mashua. Wasanifu wanaichora nafasi hiyo kwa kila nyuzi ya kuinama, kuanzia 0 hadi 180, na mchoro huo mmoja unaniambia mengi kuhusu mashua kuliko picha zake zote.

Upana unasaidia mwanzoni, kwa sababu unampa huyo gurudumu mahali pa kukimbilia. Uzito ulio chini unasaidia mwishoni, mashua inapokuwa imelala kabisa. Mawe yako uliyaweka sakafuni ndani ya mfano, tuseme sentimita 5 chini ya usawa wa maji. Kilo 1 ya chuma iliyofungwa kwenye ubao mwembamba unaoshuka sentimita 25 chini ya usawa huo ina nguvu ya kusimamisha sawa na kilo 5 za mawe yako. Wewe ulinunua msimamo kwa uzito, ukalipa hadi maji yakafika ukingoni. Ungeununua kwa umbali. Watu wa pwani wana jina la uzito wa kutuliza chombo, wanauita farumi, na kwenye mashua nyingi za safari ndefu farumi ni zaidi ya theluthi ya uzito wote, imefungwa chini kabisa, mkukuni, ikiwa ya risasi au chuma.

(Kwa mfano wako tumia chuma, vipande vya bapa vilivyofungwa kwa bolti. Nakuomba usivunje betri ya gari kutafuta risasi, wala usiyeyushe risasi jikoni kwa mama. Moshi na vumbi lake ni sumu, na wadogo zako ndio watakaoumia kwanza.)

Mimi nimezaliwa Tukuyu. Mvua ndiyo maji pekee niliyoyajua hadi nilipofika Matema nikiwa na miaka 14. Pale nikawaona mama wa Kikisi wakitoka Ikombe na vyungu vyao kwenye mtumbwi, wakivipeleka sokoni. Mtumbwi umejaa, ukingo umebaki vidole vichache juu ya maji, na hakuna aliyesimama. Wote wamekaa chini kabisa, hata mpiga kasia. Mtoto mmoja alijaribu kunyanyuka, akashikwa bega akakalishwa bila neno. Miaka mingi baadaye, darasani, mwalimu alipochora kitovu cha uzito ubaoni, nilikuwa nimekwisha kumwona yule mtoto akikalishwa.

Nakuambia haya kwa sababu ya neno la mjomba, kwamba Mafinga hakuna bahari. Kweli haipo. Lakini msanifu hatumii bahari kila siku, anatumia uzito, umbo na nguvu za vifaa, na hivyo vimejaa karakana ya baba yako. Unajua mbao mbichi inavyojikunja ikikauka. Unajua kwa nini kiungio kinaachia. Nimewahi kufanya kazi na vijana waliotoka vyuo vikubwa, wanachora umbo zuri ajabu lenye kona ambayo hakuna mkono wa fundi unaoweza kufika. Wewe hutachora kona hiyo. Wazee wa pwani, wakisema kuunda, wana maana ya kuunda chombo. Kamati na tume zimekuja baadaye. Msanifu asiyejua kuunda anachelewa sana kuiva.

Bahari utaihitaji, sitaki nikudanganye. Utahitaji kulala kwenye mashua inayoyumba, kupika humo, kutapika humo, kubadilisha tanga saa 9 usiku mvua ikinyesha. Bila hayo utasanifu kitanda ambacho mtu anaanguka kila mashua inapobisha upepo. Lakini hayo yanajifunzwa ukubwani. Anza na kuogelea, kama bado hujui, na ujifunze kwa mtu, ufukweni.

Kuhusu kompyuta, mjomba amesikia nusu. Ni kweli programu zipo, na moja wapo, DELFTship, ina toleo la bure ambalo unaweza kulipakua leo. Ukiipa umbo itakuambia ujazo na usawa wa maji kwa sekunde, na programu za aina hii zinaweza kutoa hata ule mchoro wa msimamo. Nilipoanza, kazi hiyo ilinichukua siku nzima kwa kanuni ya Simpson, ile ile uliyoisoma kidato cha sita ukadhani ni ya mtihani tu. Kata umbo la mashua vipande kama mkate, pima eneo la kila kipande, pitisha Simpson, umepata ujazo. Ifanye kwa mkono mara moja kwenye mfano wako kabla hujagusa programu, utajua siku programu inapokudanganya. Maana itakudanganya. Inakuuliza kitovu cha uzito kiko wapi, na jibu lolote utakaloliandika italiamini.

Na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Watu wanadhani msanifu wa mashua anachora. Kuchora ni sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimekaa mbele ya jedwali la uzito: kila bolti, kila bomba, kila kitasa, kilo zake, umbali wake kutoka omo, yaani pua ya mashua, kimo chake. Mashua ya safari ndefu ni nyumba, na watu wanaoishi nyumbani wanaongeza vitu. Mnyororo wa nanga wa milimita 10 una kilo 2.3 kwa mita. Mita 60 ni karibu kilo 140, na zote zinakaa mbele, mahali pabaya kabisa, mashua inainamisha pua na kuanza kupiga mawimbi. Lita 400 za maji ni kilo 400. Vyakula vya miezi miwili. Vitabu. Kisha mwenye mashua anataka paneli za sola juu na mtambo fulani nusu ya mlingoti, na kila kilo iliyo huko juu unailipia kwa kilo kadhaa kule chini.

Mashua yangu ya kwanza kusanifu peke yangu niliiandikia tani 7.2. Ilipowekwa kwenye mizani kabla ya kushushwa ilikuwa tani 8.1. Hakuna aliyeiba wala kuharibu. Karakana iliongeza tabaka moja la faiba hapa kwa usalama, mwenye mali akabadilisha meza, mimi nikawa nimesahau gundi na rangi kabisa. Kilo 900 za ziada ziliizamisha karibu sentimita 5 zaidi ya mstari nilioupaka kwa fahari. Ilikuwa salama, nilikuwa nimeacha akiba. Lakini ilikuwa nzito, mvivu, na mwenye mali alinitazama tu. Tangu siku hiyo sikubali kazi bila mizani kuwapo mlangoni mwa karakana.

Kuna sababu kubwa kuliko aibu yangu. Sisi Watanzania tunaijua bei ya mambo haya. MV Bukoba, Mei 1996. MV Nyerere pale Ukara, Septemba 2018, zaidi ya watu 200. Vivuko si mashua za matanga, na sababu za ajali hazikuwa za mchoro peke yake, lakini fizikia ni ile ile: uzito ulikuwa mwingi, na ukahama. Na huko kwenye mashua za matanga funzo kubwa lilikuja Agosti 1979, kwenye mbio za Fastnet kusini mwa Uingereza na Ireland. Mashua 303 zilianza, dhoruba ikazikuta, mabaharia 15 wa mbio hizo wakafa. Uchunguzi uliofuata ukaangalia kwa karibu kwa nini baadhi ya mashua zilipogeuzwa chini juu zilikaa hivyo hivyo. Nyingi za mtindo wa wakati huo zilikuwa pana na nyepesi. Upana ule unaoipa mashua msimamo mzuri bandarini unaifanya itulie vizuri ikiwa kichwa chini pia. Leo viwango vya Ulaya vinamtaka msanifu aonyeshe mashua itainama hadi wapi na bado irudi, na mashua ya bahari kuu lazima irudi hata ikilala kupita nyuzi 100. Mimi kwa mashua ya familia napenda kuiona ikivuka 120. Nikikosa hapo, narudi mezani.

Kwa hiyo unapouliza kama una kipaji, mimi natazama kitu kimoja. Uliona mfano umelala, ukarudi na mawe, ukajaribu tena, ukaandika vipimo. Hicho ndicho ninachokitafuta kwa kijana anayekuja kwangu.

Sasa chuo. Chukua nafasi ya MUST. Nasema hivyo bila kusitasita. Usanifu wa vyombo vya majini umesimama juu ya uhandisi mitambo: tabia ya vimiminika, uimara wa vifaa, jinsi mhimili unavyopinda, joto, mashine. Miaka ya kwanza ya chuo chochote cha meli duniani inafanana sana na utakayoipata Iyunga, hapo MUST. Ukisubiri mwaka, utapoteza mwaka na pengine mkopo, kwa ajili ya jina la kozi. Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI) ni chuo cha kweli na kina mafunzo ya uhandisi wa meli. Kama moyo wako uko huko, fungua kitabu cha mwongozo cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, cha mwaka huu, soma sifa za kila kozi, uende ofisi ya udahili kwa miguu yako uulize. Lakini usiache nafasi iliyo mkononi kwa neno la rafiki. Ukiwa MUST, miezi ya mafunzo kwa vitendo usiende kukaa kwenye ofisi yenye kiyoyozi. Omba karakana ya meli. Itungi, kule Kyela, ndiko MV Njombe, MV Ruvuma na MV Mbeya II zilikoundwa. Mlima mmoja tu kutoka chuoni kwako. Mwanza kuna karakana kubwa zaidi. Na likizo moja nenda Nungwi, Unguja, ukae na mafundi wanaounda majahazi bila karatasi. Beba tezo ya baba. Usijitambulishe kama mhandisi.

Baada ya shahada ya kwanza ndipo utafute ya pili yenye jina lenyewe, Southampton na Strathclyde kule Uingereza, Delft kule Uholanzi, na penginepo. Delft ndiko walikojaribu mifano ya mashua za matanga kwenye bwawa la majaribio, umbo baada ya umbo, tangu miaka ya 1970, na hesabu zao bado tunazitumia kukadiria ukinzani wa maji. Waliburuta mifano kama wako. Kuna pia njia ya kusoma kwa masafa, Westlawn ya Marekani ilianza kufundisha usanifu wa mashua kwa njia hiyo mwaka 1930. Ada za kozi kama hizo ni za dola, kwa hiyo usizikimbilie kabla hujapata kipato.

Utasikia habari za Olin Stephens, Mmarekani aliyeacha chuo kikuu cha MIT baada ya mwaka mmoja kwa ugonjwa, na akiwa na miaka 21 akasanifu Dorade, mashua iliyoshinda mbio za kuvuka Atlantiki mwaka 1931 na Fastnet mwaka huo huo. Ni kweli, na nampenda sana. Lakini wanaokusimulia husahau kwamba baba yake alilipia mashua hiyo. Wewe baba yako amekulipia ada na kukupa karakana. Shahada ndiyo itakayokulipia mengine.

Pesa, basi, tuiseme wazi. Kusanifu mashua za matanga za kusafiria pekee, ukiwa Tanzania, hakutakulisha miaka ya mwanzo, na huenda kamwe. Wanunuzi ni wachache. Viwanda vikubwa viko pwani ya Ufaransa, Ujerumani, nchi za kaskazini mwa Ulaya. Hapa Afrika kitovu ni Cape Town, ambako kampuni ya Robertson and Caine, iliyoanzishwa 1991, huunda mashua za matanga zenye viwiliwili viwili (katamarani). Huko kuna ajira za kweli kwa mhandisi kijana, na ni karibu kuliko Ulaya. Msanifu wa kujitegemea hulipwa kwa michoro na kidogo kwa kila mashua inayoundwa kutokana nayo, na michoro mingi huishia kabatini. Katika kazi zangu zote, mashua za matanga hazijawahi kufika nusu. Nyingine ni boti za uvuvi za faiba, vivuko vidogo, na ukaguzi wa vyombo vilivyogongwa au kuoza. Hizo ndizo zilizosomesha wanangu. Wala sizioni kuwa kazi za pili: mvuvi wa Kyela anayerudi salama na samaki wake anahitaji jedwali la uzito kama Mzungu anayezunguka dunia.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi, na nisiposema nitakuwa nimekukosea. Mfano ukielea vizuri utataka kuunda mtumbwi wa kubeba watu. Najua, wote tulitaka. Siku hiyo usitegemee maandishi yangu wala video. Mpate fundi aliyekwisha kuunda, asimame kando yako, na kabla hajapanda mtu yeyote nenda ofisi ya TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, ukaulize chombo cha aina hiyo kinakaguliwaje na kusajiliwaje. Jaketi okozi kwa kila kichwa, hata kama ni bwawa. Na ukianza kutumia faiba na rezini, fanya nje au mahali penye hewa, vaa barakoa ya kemikali, si ya kitambaa, na miwani kwa ajili ya ile dawa ya kukaushia. Tone moja jichoni linaweza kulipofua. Mtafute mtu aliyezoea akuonyeshe mara ya kwanza.

Kwa sasa, mfano. Toa mawe. Tengeneza ubao wa mkuku, upana sentimita 12, ushuke sentimita 25, funga chuma cha kilo 3 mwishoni. Punguza tanga nusu. Upime mfano wote kwenye mizani ya dukani. Tuseme umepata kilo 8 kamili pamoja na kijiwe cha gramu 200 kilichowekwa katikati ya sitaha. Ndani yake ning'iniza uzi wa sentimita 30 wenye nati mwishoni, na chini yake weka rula. Uelee mahali pasipo upepo, pipa kubwa la maji linatosha ikiwa mfano unaenea. Soma nati iko wapi. Kisha hamisha kijiwe sentimita 12 kwenda upande mmoja, usome tena.

Zidisha 0.2 kwa 12, gawa kwa 8, kisha zidisha kwa 30 na ugawe kwa sentimita ambazo nati imehama. Jibu, kwa sentimita, ndilo kipimo cha msimamo wa mashua yako. Nati ikihama sentimita 3 utapata 3, na mashua yako ni legevu. Ikihama chini kidogo ya sentimita 1 utakuwa karibu na 10, ambayo kwenye mashua kamili ni kama mita moja, na huo ni msimamo wa mashua nyingi za safari za ukubwa huo. Jaribio hili ndilo tunalolifanya bandarini kwa meli yoyote mpya, tofauti ni kwamba huko kijiwe ni cha tani.

Fanya upande wa kulia na wa kushoto, mara tatu kila upande. Niandikie namba zote sita, hata zisizofanana, hasa zisizofanana. Na uniambie baba amesemaje juu ya mkuku.